Buji za Gari: Kazi Ndogo Isiyotaka Haraka

Katika ukurasa huu wa maarifa ya nyumbani leo twataka kusema juu ya kitu kisichozidi sana urefu wa kidole, ambacho hata hivyo chaweza kuisimamisha jamaa nzima katikati ya njia. Kitu hicho ni buji ya gari. Sisi wa Kalemie twaiita buji kwa kufuata Kifaransa. Ndugu zetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, huiita plagi. Yafaa kuyajua majina yote mawili, kwa maana bidhaa nyingi zatufikia kwa meli za Kigoma, na anayemwagiza mfanyabiashara avukaye ziwa hana budi kumpa neno litakalofahamika huko.

Baba wa jamaa akijaliwa kununua gari refu la barabara mbaya, lile ambalo watu huliita jeep hata likiwa Toyota, hulitumia kwa mambo mengi. Huwapeleka watoto shuleni. Humpeleka mama mjamzito hospitalini usiku. Huenda msibani Moba au Nyunzu. Njia hizo ni ndefu, zina vilima, na wakati wa mvua zina matope mengi. Wala hakuna garaji katika kila kijiji. Gari likizimika huko, hasara si ya fedha tu. Wazee na watoto hulala njiani, na mgonjwa huchelewa kufika kwa mganga. Ndiyo sababu twasema kwamba kila jamaa yenye gari yapasa iwe na mtu mmoja angalau ajuaye kutazama buji na kuzibadili.

Kwanza kabisa, tambueni kama gari lenu lina buji. Magari ya mazutu hayana buji za cheche. Zile Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ya silinda 6, tuzionazo mara nyingi katika misioni, hospitali na mashirika, huwasha mazutu kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Zinazo buji za kupasha moto asubuhi, lakini hizo ni kitu kingine na kazi yake ni nyingine. Haya tunayoyaandika leo ni ya magari ya esansi, kama vile RAV4 yenye silinda 4.

Sasa tueleze kazi ya buji. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa iliyochanganyika na esansi. Bobini huchukua umeme dhaifu wa batri, wa volti 12, na kuugeuza kuwa umeme mkali wa volti maelfu mengi. Umeme huo huteremka ndani ya buji, huruka nafasi ndogo ya kadiri ya milimita 1 iliyoko nchani, na kuruka huko ndiko cheche. Cheche huwasha mchanganyiko, nao mlipuko huisukuma pistoni. Etienne Lenoir, mzaliwa wa Mussy-la-Ville katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860 huko Paris. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, alitengeneza magneto ya umeme mkali pamoja na buji yake, na tangu hapo kazi hiyo ikawa ya kutegemewa katika magari.

Kila cheche hula chembe ndogo ya chuma cha buji. Baada ya kilomita nyingi ile nafasi hupanuka, na umeme hupata taabu kuiruka. Hapo bobini hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, hata yaweza kuungua. Na bobini ni ghali kuliko buji. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Buji za kawaida za nikeli huchoka baada ya kilomita kama 20,000 hadi 40,000. Zile zenye ncha ya iridiamu au platina hudumu hata karibu kilomita 100,000. Lakini kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Aliyenunua gari lililokwisha tumika, wala hakupewa habari zake, na azitoe buji azitazame, asikisie.

Dalili za buji zilizochoka ni hizi: gari huwaka kwa shida asubuhi, hutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani, hunywa esansi nyingi kuliko zamani. Katika magari mengi taa ya injini huwaka mbele ya dereva. Taa hiyo ikiwa inawaka na kuzimika upesi upesi, punguzeni mwendo na msimame mara iwezekanapo. Kwa maana esansi isiyoungua huingia katika bomba la moshi na kukiunguza chombo kisafishacho moshi. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Dalili hizo hizo zaweza kutokea kwa chujio la hewa lililojaa vumbi, kwa bobini mbovu, au kwa esansi ya bidoni iliyoingia maji.

Mkiisha kuamua, nunueni buji zilizo sawasawa na gari lenu. Msimwambie muuzaji "buji za RAV4" tu. Andikeni katika karatasi nambari iliyo katika kitabu cha gari, herufi kwa herufi, mkamwonyeshe. Herufi hizo zina maana: zaeleza unene wa uzi, urefu wake, na kiasi cha joto buji iwezacho kulitoa. Buji yenye uzi mrefu mno yaweza kugonga pistoni; yenye joto lisilofaa hujaa masizi au huyeyuka ncha. Tena jihadharini na buji za kuigiza, na zile kuukuu zilizosuguliwa ziuzwe kama mpya. Tazameni: uzi uwe safi na laini, maandishi ya kaure yasomeke vema, ncha ya katikati iwe imenyoka, na ile pete ya chini ishike, isianguke kwa kuguswa.

Vyombo vya kazi ni vichache: ufunguo wa buji, ambao kwa magari mengi ya Toyota ni wa milimita 16, kiungio kirefu cha kufika chini ya shimo, ufunguo wa milimita 10 kwa buloni za bobini, kipande cha mpira mwembamba wa bomba, kitambaa safi, na pampu ya baiskeli.

Basi, kazi yenyewe ifuatwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, injini iwe baridi kabisa. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, nayo ikiwa moto uzi wake huharibika upesi. Afadhali gari lilale usiku kucha, kazi ifanywe asubuhi. Zimeni, ondoeni ufunguo, na mfungue waya wa batri wenye alama ya kutoa.

Pili, ondoeni kifuniko cha plastiki. Mtaona bobini nne zimepangwa mstari mmoja. Fanyeni silinda moja moja hadi mwisho, ndipo mwende kwa nyingine. Hivyo waya hazitachanganyika, wala uchafu hautaingia katika mashimo manne yaliyo wazi. Bonyezeni ulimi wa kiungo cha waya, kisha mkivute kwa kukishika chenyewe, si kwa kuvuta waya. Plastiki iliyopigwa na joto miaka mingi huvunjika kama ganda la yai. Fungueni buloni, izungusheni bobini kidogo, kisha mwivute juu.

Tatu, kabla ya kuilegeza buji, pulizeni shimo kwa pampu ya baiskeli, na mfumbe macho. Neno hili watu hulidharau, nalo ni kubwa sana kwetu. Vumbi jekundu la njia zetu na mchanga wa pwani ya ziwa hukaa ndani ya shimo lile. Buji ikitolewa, huanguka katika silinda na kuikwaruza. Tazameni pia kama mna maji. Ziwa lilipofurika mwaka 2021 na tena mwaka 2024, njia za mji zilijaa maji, na gari lipitalo katika maji laweza kuyapata hata humo, ikiwa mpira wa bobini umepasuka.

Nne, legezeni buji pole pole. Ikikataa, msitumie nguvu. Tieni matone ya mafuta ya kulegeza kutu, ngojeni, kisha mjaribu tena kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikizidi kukataa, hapo ndipo mahali pa kuacha na kumwita fundi.

Tano, itieni buji mpya kwa mkono. Chomekeni kichwa chake katika kile kipande cha mpira, mkaishushe shimoni. Kwanza izungusheni kinyume kidogo, mpaka msikie uzi umeketi mahali pake; kisha izungusheni kwa upande wa kukaza. Uzi ukiwa umepotoka, mpira utateleza mkononi kabla ya kuharibu cho chote, jambo ambalo ufunguo wa chuma hauwezi kulifanya. Buji ikiwa imeanguka sakafuni, msiitie. Kaure yaweza kuwa na ufa ndani usioonekana kwa macho. Wala msijaribu kuipanua au kuibana ncha ya iridiamu, maana ni nyembamba na huvunjika.

Sita, buji ikiisha kufika mwisho kwa vidole, ndipo mtumie ufunguo. Mwenye ufunguo wenye kipimo cha nguvu na afuate kitabu. Asiyekuwa nao, buji mpya yenye pete bapa huikaza kwa kadiri ya nusu ya mzunguko hadi thuluthi mbili, akaacha. Buji kuukuu inayorudishwa huhitaji kidogo sana kuliko hapo, kwa sababu pete yake imekwisha bonyea. Nguvu nyingi si ufundi. Uzi wa aluminiamu ukikatika, gharama ya kukitengeneza kichwa cha injini itapita mara nyingi bei ya buji zote nne.

Saba, rudisheni bobini, kiungo cha waya hata kilie, na buloni. Mkiisha zote nne, fungeni batri mkawashe. Gari likitetemeka kuliko kwanza, zimeni. Mara nyingi ni kiungo cha waya kimoja ambacho hakikuketi vema.

Msizitupe buji kuukuu kabla ya kuzisoma. Toboeni ubao mashimo manne, mwandike 1 hadi 4, mkazipange kama zilivyotoka. Ncha yenye rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu yaonyesha injini yenye afya. Masizi meusi makavu yaonyesha esansi imezidi au chujio la hewa limeziba. Weusi wenye mafuta mabichi waonyesha mafuta ya injini yavuja ndani ya silinda. Weupe wenye malengelenge ni alama ya joto kupita kiasi. Buji moja ikitofautiana na wenzake, ugonjwa u katika silinda ile. Mchukulieni fundi ubao huo, naye atawashukuru, kwa maana mmemwondolea nusu ya kazi ya kutafuta.

Twasema tena juu ya mipaka, ili mtu asije akajiharibia mali. Injini zenye silinda 6 za umbo la V, kama zile za Toyota Harrier ya lita 3, zina buji tatu nyuma, upande wa dereva, mahali pagumu kufikiwa pasipo kuondoa vyombo vingine. Hizo mwachieni fundi. Kadhalika shimo likijaa mafuta, au uzi ukiwa umelika. Kujua kazi si kumdharau fundi. Ajuaye kidogo huweza kumweleza fundi vizuri, huulizwa maneno akayajibu, wala hawezi kudanganywa kwa urahisi kwamba buji zimebadilishwa na kumbe zimefutwa tu.

Na kazi hii isiwe ya baba peke yake. Mwiteni kijana wa shule na dada yake wasimame kando, wamshikie baba kitambaa, waandike nambari, waipange mbao ya buji kuukuu. Yale waliyoyasoma darasani juu ya umeme na joto watayaona mbele ya macho yao. Siku ambayo baba hayupo, na gari likikataa kuwaka, jamaa haitakosa mtu.

Swali kwa wanafunzi: Injini ya mipigo minne yenye silinda 4 yazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila silinda huwashwa mara moja katika mizunguko miwili. Je, kwa dakika moja zahitajika cheche ngapi za kuwasha? Jibu ni 6,000, na kila buji hutoa 1,500. Mwanafunzi na aonyeshe njia ya hesabu, kisha ahesabu mwenyewe cheche za safari ya saa 4. Akiisha kuipata hesabu hiyo, hatauliza tena kwa nini buji huchoka.