Betri haina kosa, kosa ni kutopima

Jamani, leo naomba nipumzike na siasa nizungumzie betri ya gari. Msicheke, nina hasira kweli.

Mimi ni mwandishi wa habari, mishahara yetu mnaijua. Natumia saluni kuukuu niliyoachiwa na mjomba, ndiyo inayonifikisha Sirari, Nyamongo hadi Mugumu kutafuta habari. Ndani ya miezi minane nilinunua betri 3! Hadithi ni ileile: jioni nazima gari likiwa safi, asubuhi nageuza ufunguo, nasikia "tk", basi. Naenda kwa fundi hapa Tarime mjini, anafungua boneti na kutikisa kichwa: "Kaka, betri imekufa, nunua mpya." Nikirudi tena: "Humu kuna shoti. We uwe unachomoa kichwa cha betri ukienda kulala."

Nikawa nachomoa. Usiku mmoja nikasahau. Saa nne jirani akagonga mlango amebeba mtoto mwenye degedege. Gari likakataa. Vijana wakajitokeza kusukuma, lakini ni gari la otomatiki, hata wangelisukuma hadi Sirari lisingewaka. Mtoto akapelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya mama yake na dereva, kwenye baridi hii ya Tarime. Tunamshukuru Mungu alipona. Ila namna yule mama alivyonitazama sijaisahau.

Sasa nauliza: katika betri zote 3, nani alipima chochote? Hakuna! Mtoto yule alipofika hospitali alitobolewa kidole kwanza, akapimwa malaria. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2010 kwamba mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Zamani kila homa ilikuwa malaria, tukaacha. Mbona kwenye magari kila ugonjwa bado ni betri?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme kule Mugumu. Hakuuza kitu. Alizima gari, akafungua kichwa cha hasi, akachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, waya mmoja akagusisha kwenye betri na mwingine kwenye kile kichwa alichofungua. Balbu ikawaka! "Unaona? Gari limelala lakini kuna mtu anakula." Akaweka mita mahali pa balbu, tukasubiri kama nusu saa vifaa vyote vitulie, ikasoma ampea 1.8.

Pigeni hesabu. Ampea 1.8 kwa saa 12 za usiku ni karibu 22. Betri yangu ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo nusu inaliwa nikiwa nimelala. Kawaida gari lililozimwa linatumia ampea 0.02 hadi 0.05 tu, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu ya redio.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku akiangalia mita. Alipogusa ya redio, mita ikaanguka. Mwizi alikuwa amplifaya ya spika za buti. Aliyeifunga alichukua waya wa kuiamuru iwake akauunga kwenye umeme usiozimika, badala ya ule unaofuata ufunguo. Akauhamisha, mita ikasoma 0.03. Kazi nzima haikumaliza saa mbili.

Kumbe hata shoti haikuwepo! Shoti inaunguza fyuzi au waya, huu ulikuwa unyonyaji wa kimyakimya. Na betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha. Ukiikausha kila usiku unaiua kweli. Fundi wangu alisema kweli kwamba zimekufa, lakini hakuuliza nani anaziua.

Najua mtaniambia betri huzeeka na fundi naye ana watoto. Sawa, huzeeka. Lakini hilo nalo linapimwa. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, alteneta haichaji. Na ukichomoa fyuzi zote bado umeme unaliwa, tazama alteneta hiyohiyo, dayodi yake ikifa huvujisha umeme gari likiwa limezimwa. Tahadhari moja: usiwashe gari mita ikiwa hapo katikati, utaiunguza.

Mita ya kawaida haifiki robo ya bei ya betri mpya. Fundi anayekosa mita ana kisingizio gani? Na alipwe kwa kupima, kama tunavyolipa maabara. Sisi wateja nasi tuna lawama, maana tunalipia kifaa bila kubisha, lakini akili ya fundi tunataka bure.

Wala betri iliyokufa si takataka ya kawaida, ndani kuna tindikali na madini ya risasi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri zangu mbili za mwanzo sijui zimeishia wapi, na naona aibu.

Mimi nikiandika habari bila kuuliza, mhariri ananirudishia. Fundi akikwambia "nunua mpya" kabla ya kutoa mita, mwambie akuonyeshe namba kwanza. Asipokuwa nayo, funga boneti uondoke.

Nawasilisha.