Ushuru wa korosho ghafi usipitwe haraka katika mjadala wa EPA

Makala ninayoyatolea maoni yanaueleza vizuri ugumu wa mazungumzo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya kuhusu EPA, yaani Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, lakini mwandishi anapita haraka mno kwenye kifungu kinachomgusa zaidi mkulima wa korosho wa Mpapura, mkoani Mtwara, nacho ni kile kinachobana uwezo wa nchi kuweka ushuru mpya kwa bidhaa zinazouzwa nje. Tanzania hutoza ushuru wa namna hiyo kwa korosho ghafi, ambayo kwa sehemu kubwa husafirishwa India na Vietnam, ili viwanda vya ndani vipate malighafi, ingawa (na hili lisemwe wazi) mzigo wake humfikia mkulima kupitia bei ya mnada. Wachangiaji wanaodai kwamba Bunge lilipoukataa mkataba huo Novemba 2016 liliifungia korosho soko la Ulaya wamekosea, kwa kuwa Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, inaendelea kuuza huko bila ushuru chini ya mpango wa mwaka 2001 unaoruhusu bidhaa zote isipokuwa silaha. Kenya, isiyo na hadhi hiyo, ndiyo iliyohitaji kusaini wa kwake Desemba 2023. Kinachopungua Mtwara ni ubanguaji, ambao hauletwi na saini peke yake, na kabla ya kuridhia kifungu chochote cha aina hiyo serikali inapaswa kuvisikiliza vyama vya msingi vya ushirika.