Kompyuta Yako Haijafa

Katoro hatutupi mchanga. Mchimbaji akishasaga mawe yake kwenye karasha, akaosha, akakamata dhahabu kwa zebaki, kinachobaki hakimwagwi. Kinaitwa marudio. Kinatiwa kwenye viroba, kinauzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua, nao wanakitia sayanaidi na kutoa dhahabu nyingine. Kila mtu hapa anajua sababu: zebaki mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Wapo waliojenga kwa mchanga ambao mwenzao aliona umekwisha.

Sasa niambieni, mji wenye akili hiyo unakubalije kwamba kompyuta ya miaka kumi na mitatu ni takataka?

Maana ndivyo tunavyoambiwa. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, karibu zote ni za kizazi cha nane kwenda juu. Soma tena sharti hilo ukiwa umesimama mbele ya duka la kompyuta za mtumba hapa Kanda ya Ziwa. Zilizo mezani zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani: kizazi cha pili, cha tatu, cha nne. Wenyewe walishazichoka, na sasa sisi tunafundishwa kuzichoka. Sina ugomvi na anayetengeneza kitu kipya. Ninachopinga ni sisi kupokea kalenda ya biashara ya mtu mwingine kana kwamba ni cheti cha kifo.

Yangu ni ya 2012, kizazi cha tatu, RAM ya GB 4. Fundi mmoja aliitazama dakika mbili akasema, "Dada, hii imekwisha, tafuta laki saba." Laki saba, kwa mwanafunzi wa uzamili anayejilipia ada! Nilimwomba anifungulie tu pale penye kisomeo cha DVD, ambacho sijawahi kukitumia. Pale ikaingia fremu ya bati iliyobeba diski ya zamani ya kuzunguka, GB 500. Nafasi ya diski hiyo ikachukuliwa na SSD ya GB 120, ndogo kuliko simu za wengi wenu. Diski mbili, tabia mbili: moja nyepesi na changa, nyingine pana na kuukuu.

Hapo ndipo wapinzani wangu hupata nguvu. Linux, wanasema, ni ya watu wa IT. Nawauliza: ugumu wenyewe uko wapi? Kuweka Linux Mint kwenye kompyuta yenye diski moja ni kubofya na kusubiri, na chapa yake ya Xfce inaridhika na RAM ya GB 4. Ugumu uko sehemu moja, nao ni huu wa diski mbili, na unahitaji macho tu. Programu ya usakinishaji itakuuliza ifute diski na kuingia. Usikubali upesi. Shuka hadi chaguo la mwisho, la kupanga mwenyewe. Utaona sda na sdb. Herufi hizo zisikudanganye, zinaweza kubadilishana ukiwasha tena. Itambue diski kwa ukubwa wake. GB 120 haifanani na GB 500 hata kwa mtu mwenye usingizi.

Ushauri uliozoeleka unasema mfumo ukae kwenye SSD na makabrasha yako, ile /home, yakae kwenye diski kubwa. Mimi naupinga ushauri huo waziwazi. Kivinjari huandika mambo yake ndani ya /home kila dakika. Ukiiweka kwenye diski inayojikokota, umenunua SSD ya bure. Tena, nani anaikabidhi tasnifu yake kwa chuma kilichozunguka miaka kumi na mitatu? Mfumo na /home vyote kwenye SSD, GB 120 zinatosha. Ile ya zamani ipewe kazi ya ghala: nakala, video, picha za harusi za ukoo. Kianzishi nacho kielekezwe kwenye SSD, kwa sababu kikiandikwa kwenye diski kuukuu, siku diski hiyo ikifa kompyuta haitawaka ingawa mfumo ni mzima. Na kwenye faili la fstab, mstari wa diski ya ghala uongezewe neno nofail, ili ikikosekana mashine iendelee bila kuisubiri. Huo ndio utaalamu wote. Kama betri yako imekufa, usianze siku umeme unapokatika-katika.

Mbadala tunaoupenda ni upi? Windows ya flashi ya fundi, iliyovunjwa kufuli na mtu tusiyemjua, inayotembea duka hadi duka na virusi vyake. Tunasema ni bure. Linux ndiyo bure ya halali: iliandikwa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, na leseni yake inakuruhusu kunakili na kumpa jirani. Faili lake ni karibu GB 3, kwa bando zetu si kidogo, lakini likishushwa mara moja linaweza kuhudumia mtaa mzima.

Nakiri hoja moja ya upande wa pili, kwa sababu ni ya kweli. Msimamizi wangu anataka faili la Word lenye masahihisho pembeni, na LibreOffice wakati mwingine husogeza majedwali. Inaudhi. Napanga upya, natuma. Takwimu nafanyia kwenye R, na PSPP inafungua mafaili ya SPSS. Sijakwama.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwa fundi wala kwa msimamizi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta neno letu kwa kila kitufe. Niliwauliza wenzangu wa darasa la uzamili kama wamewahi kulisikia jina hilo. Hakuna hata mmoja. Tunaandika makala kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya sayansi, tunaziandika kwenye programu ya wizi iliyo kwa Kiingereza, halafu tunalalamika kwamba teknolojia haitujui. Tafsiri ya programu huria inamngoja yeyote mwenye intaneti na jioni moja. Tunaingia humo wachache mno, na wengi wetu tuna shahada za lugha.

Flashi ninayo, ya GB 8, ina Mint tayari. Nitakuwa Katoro mpaka chuo kifunguliwe. Anayetaka aje na chaja yake, na kabla ya kuja anakili picha zake mahali pengine.