Muuzaji Asiyejua Nambari ya Nyuma Hana PS ya Kukuuzia

Sikizeni wanangu, leo nitakosana na watu, na wengine ni majirani zangu hapa hapa Mji wa Kale. Sawa tu. Bora tukosane sasa kuliko likizo iishe na mdogo wako amekaa Kibokoni na sanduku jeusi lisilowaka.

Neno "imechipiwa" limegeuka kuwa pazia. Sisemi kuchipu hakupo. Kupo, na Mombasa ina mafundi wanaofanya kazi safi hadi unasahau kama mashine iliwahi kufunguliwa. Nasema vile neno lenyewe linavyotumika dukani. Waingia, waulizia PS2 au PS3, waambiwa "hii imechipiwa, yasoma kila kitu". Ukiuliza imechipiwa vipi, jibu ni "we chukua tu, utanishukuru". Ukirudi baada ya wiki mbili imegoma, ati umeiua mwenyewe kwa CD mbovu.

Msimamo wangu ni huu, na sitaurudisha nyuma: muuzaji asiyeweza kukwambia ni modeli gani, imefanyiwa nini, na ikigoma yarudishwaje, hauzi mashine. Auza bahati nasibu.

Na usiniambie ni pesa kidogo. Kwako labda. Kwa kijana wa miaka kumi na sita hiyo ni likizo nzima ya kubeba mizigo Marikiti, au jioni zote za kumsaidia mamake kuuza kachiri na mabuyu. Pesa kama hiyo haiendi kwa "we chukua tu".

Neno moja, vitu vitatu

Tuanze na PS2, kwa sababu ndiyo imejaa mitaani. Ilitoka Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa hivyo hakuna PS2 mpya. Hata ile iliyofungwa kwa nailoni ikang'aa kama sahani ya Idi, ina umri wa zaidi ya miaka kumi.

Sasa "imechipiwa" kwa PS2 yaweza kuwa mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni chipu yenyewe, kidude kilicholehemiwa kwenye bodi kwa nyaya nyembamba kama nywele. Ikifanywa vizuri yakaa miaka. Ikifanywa na mtu mwenye haraka, waya mmoja ukiachia tu, mashine inaanza vituko.

La pili si chipu kabisa. Ni memori kadi yenye programu inayoitwa Free McBoot. Ukiwasha, mashine inasoma kadi kwanza, kisha unacheza gemu kutoka kwa flashi au hadi diski kwa programu nyingine iitwayo Open PS2 Loader. Hapo mashine haijaguswa hata skrubu. Ndiyo maana kuna ujanja huu: dukani waonyeshwa gemu zikipepea, walipa, wafungiwa mashine, wafika nyumbani... kadi imebaki dukani. Umeuziwa PS2 ya kawaida kwa bei ya iliyochipiwa!

La tatu ni MechaPwn, programu inayobadilisha mipangilio ya ndani kabisa ya mashine ili ikubali diski za nchi nyingine. Hii haionekani kwa macho, na si kila modeli inaikubali.

Vitu vitatu tofauti, magonjwa matatu tofauti, matengenezo matatu tofauti. Halafu mtu akupe neno moja na uridhike?

Ipindue

Ndiyo maana nasema ipindue mashine. Nyuma au chini kuna nambari. PS2 zaanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho yakwambia ilizaliwa wapi: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Hili si jambo la kujionyesha. Ile nene ya Marekani imeandikwa 120V na ya Japani 100V, na sisi ukutani tuna 240V. Ichomeke bila transfoma uone moshi. Yule atakayekwambia "stima ya Mombasa ni mbaya" anakudanganya. Stima ilikuwa sawa, yeye ndiye hakusoma kibandiko.

Kisha zile nyembamba za mwisho, SCPH-90000 na ndugu zake. Nzuri kwa macho, ni mpya kuliko zote. Lakini zile zilizotoka na BIOS 2.30 hazikubali Free McBoot ya kawaida, zataka njia nyingine. Muuzaji asiyejua hilo atakuuzia mashine na kadi ambazo hazitaongea milele.

PS3 ndiyo kesi kubwa zaidi, kwa sababu pesa yake ni kubwa zaidi. Kibandiko chake chaanza na CECH. Zile nene za mwanzo, na nyembamba za CECH-2000, 2100 na nyingi za 2500, zaweza kuwekewa famwea iliyobadilishwa moja kwa moja. Famwea ni ile programu ya ndani inayoendesha mashine. Lakini CECH-3000 na zile ndogo za mfuniko wa kusukuma, CECH-4000, haziwezi. Kwa hizo njia ya kawaida ni HEN, iliyokuja 2019. HEN lazima uiwashe upya kila ukiwasha mashine. Na Sony ikitoa famwea mpya ukaikubali, yaweza kukuacha mataani hadi wenye HEN watoe yao.

HEN si mbaya. Wengi wanaitumia na wako sawa. Ubaya ni kuuziwa CECH-4000 kwa bei ya iliyobadilishwa kabisa, kisha kesho yake umekubali apdeti kwa sababu hakuna aliyekwambia usiikubali.

PS4 nayo imeingia kundini. Kuna zilizofunguka kwa famwea 9.00 mwishoni mwa 2021, na 11.00 mwaka 2024. Ukishapita nambari unayohitaji, huwezi kushuka. Na ukizima kabisa, lazima uifungue tena. Kwa hivyo swali la kwanza kwa PS4 si "ina gemu ngapi?" bali "ipo famwea ngapi?" Waingia kwenye mipangilio wasoma mwenyewe, dakika moja.

Hii ya "madevelopa" iacheni

Sasa kuna lugha mpya. Waambiwa "hii si ya kawaida, hii ni ya madevelopa", na bei inapanda hapo hapo.

Yakhe, mashine za watengenezaji gemu zipo kweli. Sony ilizitoa kwa kampuni za gemu kwa mkataba, hazikuwekwa dukani. Ya PS2 iliyotumiwa kuundia gemu, DTL-T10000, ni dude kubwa. Zile za kujaribia gemu zafanana na za kawaida lakini nambari zake zaanza na DTL-H. Kwa PS3, za majaribio zaanza na DECH badala ya CECH. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha ukweli na porojo.

Ukiona CECH kisha kwenye skrini pana menyu za ajabu ajabu, hiyo ni mashine ya duka iliyobadilishwa kwa programu ijifanye ya majaribio. PS3 zenye famwea ya Rebug zafanya hivyo, na MechaPwn yaweza kufanya kitu kama hicho kwa PS2. Si dhambi. Lakini wewe wataka kupiga PES na nduguyo usiku wa Ijumaa, si kuunda gemu. Kwa nini ulipie ziada menyu usizozihitaji? Kama siku moja utataka kujifunza kuunda gemu, anza na kompyuta, ndipo zinapoandikwa.

"Nunueni orijino kama watu"

Najua wapo wa upande wa pili. Wale wa "kuchipu ni wizi, nunueni orijino kama watu". Nyinyi pia leo nina neno na nyinyi.

Sitaficha: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kufuli za kiteknolojia, na anayeuza gemu za kuchoma anakula jasho la mwingine. Sony yenyewe haichezi. Mwaka 2011 ilimpeleka mahakamani George Hotz, kijana Mmarekani aliyeifungua PS3, hadi wakapatana. Kila mtu aamue akijua hilo.

Lakini msituhubirie kama dirisha la kulipia lilikuwa wazi tukakataa foleni. Hadi leo Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation. Kijana wa Kuze akitaka kununua gemu kihalali, lazima adanganye kwamba aishi Afrika Kusini au Marekani. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170 kwa sababu mtandao huo haupo huko, na sisi tumo. Hao wa PS2 ndio kabisa, kampuni imeacha kuuza. Ukinunua diski orijino ya mtumba, hakuna hata senti inayomfikia aliyeiunda.

Kwa hivyo sikubali kwamba tatizo letu ni tabia mbaya. Na pia sikubali mwenye duka ajifiche nyuma ya hoja hiyo. "Sisi maskini twafungiwa" haimpi mtu ruhusa ya kumdanganya maskini mwenzake.

Kabla hujamlipa fundi

Nusu ya mashine zinazopelekwa kwa fundi hapa mtaani zingeweza kupimwa nyumbani. Chukua haya.

PS2 ikitoa skrini nyekundu ikisema weka diski ya PlayStation, usikubali "bodi imekufa". Bodi iliyokufa haiandiki. Maana yake diski haikutambuliwa. Weka diski orijino. Ikisoma orijino na kukataa ya kuchoma, shida ni chipu au diski yenyewe. Ikikataa zote, mtazame lenzi. Ukimwambia fundi hivyo, hawezi kukutoza kubadilisha bodi.

PS2 ya kadi ikigoma kuwaka vizuri, chomoa kadi. Ikiwaka sawa bila kadi, mgonjwa ni kadi, na kadi ni rahisi kuliko mashine.

Gemu ya kwenye flashi ikikwamakwama, hasa zile filamu za katikati, si ugonjwa. Matundu ya USB ya PS2 ni ya kizamani, USB 1.1, hayana kasi. Na flashi ya FAT32 haibebi faili moja linalozidi 4GB, kwa hivyo gemu kubwa lazima ikatwe vipande kwanza.

PS3 nene ikiwaka taa ya njano kisha ikazima, kuwa makini na fundi wa kuipiga hewa ya moto. Itaamka, utafurahi, utalipa, kisha italala tena. Ukikubali, kubali ukijua umenunua muda. Hukununua matengenezo.

Na sisi wa kando ya bahari tuna yetu ya ziada: chumvi na unyevu. Mashine iliyokaa miaka kwenye nyumba inayopigwa na upepo wa Bandari ya Kale si sawa na iliyokaa Nairobi. Angalia kutu kwenye skrubu na matundu. Usiifungie kabatini ikipumua vumbi. Na kama kuna kuandika famwea, usianze siku stima yacheza. Ikikatika katikati ya kazi, mashine yaweza isiamke tena.

Ninachotaka

Kwa wenye maduka: andikeni. Kikaratasi kidogo tu juu ya kila mashine. Modeli, famwea, imefanyiwa nini, kadi imo au haimo, dhamana siku ngapi. Bei za viatu mwaandika, hili lawashinda nini?

Kwa wenye vyumba vya PS: watoto wakitoa mbao kwa mechi, nyinyi ndio wanunuzi wakubwa. Mkikataa mashine zisizo na maelezo, soko lote litanyooka ndani ya mwezi.

Kwa wewe unayeweka pesa kwenye kopo: uliza maswali matatu. Modeli gani? Imefanyiwa nini? Nikiizima nikaiwasha tena hapa mbele yako, itafanya vile vile? Hilo la tatu ndilo linalowatoa jasho, kwa sababu nyingi huachwa zikiwaka tangu asubuhi ili usione zinavyoanza. Mwambie azime. Hesabu hadi thelathini. Awashe.

Akikasirika, shukuru, toka. Mwenye mashine safi haogopi kuipindua. Na ukimpata fundi mkweli, mtaje, mlete wateja, mlipe bila kumkwangua hadi mfupa. Wapo, na wanakufa njaa kwa sababu sisi twakimbilia aliyepunguza mia tano.

Haya, nimemaliza. Mtume huyu mdogo wako kabla hajaenda dukani Jumamosi. Na kama wewe ndiye mwenye duka na umekasirika, andika hapa modeli tatu ulizonazo leo na famwea zake. Nitakutangaza bure.