Tahariri: Mama wa Masisi na Walikale naye anahitaji mahali pa spoti

Ukisema leo kwamba wanawake wa Masisi na Walikale wanahitaji mahali pao pa kufanyia spoti, wengi watacheka. Mama anayeshuka kutoka Nyabiondo na gunia la maharagwe mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, anahitaji spoti gani tena? Na katika vita hii? Swali hilo lina haki yake. Lakini jibu jepesi tulilolizoea, kwamba kazi ya shamba inamtosha, limewaacha akina mama wa wilaya hizi mbili na miili inayotumika kila siku na ambayo haiangaliwi na mtu hadi ianguke.

Kubeba mzigo si mazoezi. Anayefanya mazoezi huchagua uzito, hupumzika akichoka, na kesho yake anaweza kuacha. Mama wa Pinga au Mubi hachagui. Walikale ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima la Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu usio na barabara ya gari. Mafuta ya mawese, muhogo, ndizi, na miaka ile hata kasiterite ya Bisie, vyote vilitoka huko kwa migongo ya watu. Watafiti wa Denmark wamekuwa wakionyesha kwa miaka kwamba kazi nzito ya kutwa hailindi moyo kama mazoezi ya hiari yanavyoulinda. Kweli, jambo hilo limeonekana wazi zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Kwa wanawake kuna hasara nyingine, na hiyo kila mkunga wa kijijini anaijua: aliyejifungua juzi akirudi kwenye mzigo kabla mwili haujafunga, kizazi huanza kushuka, mkojo humtoka akikohoa, mgongo hauna usiku wala mchana.

Hayo hayasemwi mbele ya wanaume. Mara nyingi hayasemwi hata mbele ya muuguzi. Mama anajifunga vitambaa, anaacha kukaa karibu na wenzake kanisani, basi. Wakati mwingine kinachohitajika mwanzoni, kabla hali haijawa mbaya, ni mazoezi tu: kubana na kuachia misuli inayoshikilia kizazi na kibofu, kila siku, kwa miezi kadhaa, chini ya mtu anayejua kuelekeza. Hayana mashine. Hayagharimu hata franka moja. Yanahitaji chumba ambamo hakuna mwanamume, na mwanamke mwenzako anayekwambia bila kukuchekea kwamba naye yalimpata.

Kuna sababu nyingine ya kutaka chumba hicho, nayo ni nzito zaidi. Huku kwetu mwili wa mwanamke umepigwa vita kama ngome. Luvungi na vijiji vya jirani, wilayani Walikale, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 380 waliobakwa kwa siku nne. Ilichukua miaka 10 hadi mahakama ya kijeshi mjini Goma imhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha, Novemba 2020. Mwaka 2023 peke yake, Madaktari Wasio na Mipaka walitibu zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, yaani zaidi ya wawili kila saa, na wengi mno walikuwa Kivu ya Kaskazini, katika kambi za pembeni ya Goma zilizojaa watu wa Masisi na Rutshuru. Kambi hizo zilivunjwa Februari 2025 baada ya M23 kuuteka mji. Watu wakaambiwa warudi kwao. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Walikale-centre, na waliokuwa na miguu wakaingia msituni.

Anayefika kituo cha afya ndani ya saa 72 hupewa dawa, ikiwa zipo, maana baada ya msaada wa Marekani kukatwa mwanzoni mwa 2025 hata hizo zimekuwa za kutafuta. Baada ya dawa, mara nyingi, anarudi nyumbani. Anarudi na mwili ambao hautaki tena. Wapo wanaosema hivyo hivyo: mwili huu si wangu.

Bukavu walilifikiria hili mapema. City of Joy, iliyofunguliwa mwaka 2011 chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver, hupokea wanawake 90 kwa miezi sita, na pamoja na kusoma, kulima na mazungumzo ya kikundi, wanafundishwa kucheza na kujikinga. Si starehe; ni sehemu ya tiba. Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, mabibi wenye mvi walijiunga na kujifunza kupiga ngumi na teke baada ya wenzao kubakwa, wakajiita Cucu Jikinge. Hatusemi ngumi itazuia bunduki. Asiseme hivyo mtu yeyote kwa mama wa Masisi, atakuwa anamdanganya. Tunachosema ni kwamba mwanamke anayenyoosha mikono, anayekimbia kwa kupenda, anayepiga kelele kwa nguvu zake zote katikati ya wenzake, anaanza kuukalia mwili wake tena.

Kwa hiyo tusifikirie kumbi za Goma zenye vioo na baiskeli zisizokwenda popote, ambako wanaoenda wanataka kupunguza tumbo. Tumbo la kupunguza hatunalo wengi. Kinachotakiwa ni ua uliozungushwa, mikeka, choo, maji, na mtu wa kushika watoto. Iwe karibu na maternite, siku ileile ya likirimba, ili mama asitafute ruhusa mara mbili. Kanda za afya za Masisi, Mweso, Kirotshe, Walikale, Pinga zina wauguzi wanawake. Wafundishwe wiki chache na wataalamu wa tiba ya viungo, waongezewe kidogo kwenye mshahara ambao mara nyingi haufiki.

Waume watalalamika. Wengine watasema mwanamke wa spoti hatawaheshimu tena, na wachungaji wawili watatu watauliza habari ya suruali. Kitenge kinatosha, hakuna zoezi hata moja tulilolitaja linalotaka suruali. Kuna makocha wanaume wazuri pia. Goma, Kibomango, aliyekuwa mtoto askari, amewafundisha ndondi wasichana wengi na wanamsifu. Lakini kijijini ambako mwanamume wa mwisho kuingia mlangoni bila hodi alikuwa na silaha, mwalimu awe mwanamke. Hilo si la kujadiliwa.

Tunazo hofu zetu na mashirika. Wakija, watataka bango lenye nembo mbele ya lango na orodha ya majina ya waliobakwa. Mama atakayeonekana akiingia atajulikana kijiji kizima jioni hiyohiyo. Ua uwe wa wote: aliyejifungua, mwenye mgongo, bibi mwenye presha, msichana anayependa tu kuruka kamba, na yule asiyetaka kusema kilichompata. Wanaoshika madaraka, iwe AFC/M23 upande wa Masisi, iwe jeshi na Wazalendo upande wa Walikale, wasiweke mlinzi hapo, wasije kukagua, wasiombe orodha. Na ufunguo wa ua ukae kwa akina mama wenyewe, si kwa chifu wala kwa mkuu wa mradi.