Mpeni mzee kidokezo

Ukimuuliza bibi yako jina la padre aliyembatiza mtoto wake wa kwanza, naye akakaa kimya, usikimbilie kusema akili zimekwisha. Mtajie majina matatu, la kweli likiwamo. Mara nyingi atalidaka palepale.

Fergus Craik, mwanasaikolojia aliyezaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1935 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alitumia maisha yake ya usomi kuchunguza mambo ya namna hii. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Robert Lockhart walieleza kwamba tunakumbuka vizuri kile tulichotafakari maana yake. Kilichopita juujuu hupotea upesi. (Wanaosali rozari huku macho yako kwenye simu wasikie.) Kwa wazee aliona jambo jingine. Wakiachwa wachimbue kumbukumbu peke yao, vijana huwaacha mbali. Wakioneshwa neno na kuulizwa tu kama waliliona kabla, pengo hilo hupungua sana. Kwa hiyo kukumbuka si kazi ya kichwa peke yake. Mazingira nayo husaidia.

Craik hakuwa anahubiri. Ila nikimsoma nawaona wazee wa jumuiya zetu. Tunamuuliza mzee swali, hatumpi hata nusu dakika, tunamjibia. Akisahau tarehe ya kikao tunamtoa kwenye kamati. Tunamhamishia mjini, kwenye chumba kisicho na picha ya marehemu mkewe wala jirani wa kumwita kwa jina la ujana wake. Tumemnyang'anya vidokezo vyote, kisha tunashangaa kwamba amepotea.

Sisemi kila usahaulifu uko hivyo. Yuko mama anayeugua, anayemsahau hata mwanawe, anayetoka usiku na kuzungukazunguka kijijini. Huyo apelekwe hospitali. Asipelekwe kwa mganga, na asiitwe mchawi. Kwa neno hilo akina mama wazee wameuawa katika nchi hii, na wengine waliolitamka walikuwa wamebatizwa.

Yoshua bin Sira, sura ya 3, anamtaka mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Hakuweka sharti kwamba baba amtambue kwanza.

Leo mkipeleka Komunyo kwa wazee majumbani, msiwe na haraka. Anzeni ninyi Baba Yetu, kisha nyamazeni kidogo, mwacheni mzee aendelee.