Bei Isiyotajwa

Kila itangaapo habari ya mtu aliyelipa fedha za gari kwa njia ya simu asilione gari wala muuzaji, hukumu ya barazani hutolewa kabla kahawa haijapoa: tamaa ndiyo iliyomponza. Watu huyasema hayo kwa furaha iliyofichwa vibaya, kana kwamba kila asemaye ameandikiwa kinga, na yule aliyedhulumiwa, ambaye pengine ameuza kiwanja cha urithi au ametoka kupokea kiinua mgongo cha utumishi wa aushi nzima, huona heri anyamaze kuliko kujiongezea fedheha juu ya hasara. Mimi siiafiki hukumu hiyo. Rai yangu ni kwamba tamaa ina sehemu ndogo katika visa hivi. Sehemu iliyo kubwa ni ya desturi zetu wenyewe za kuuziana magari, desturi ambazo sisi tuliozizoea hatuzioni tena, na ambazo ayari wa mtandaoni amezisoma akazihitimu.

Soko lenyewe halikuzuka kwa bahati. Nchini Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka mitatu, na kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo, ambao wenyewe huuita shaken, huwafanya wengi waone nafuu ya kuyauza magari yao yangali na uhai maridhawa. Na kwa kuwa Wajapani, kama sisi, hushika upande wa kushoto wa barabara, usukani wao umekaa pale pale tunapoutaka, basi IST, Vitz, Raum na Noah hushushwa Dar es Salaam na Mombasa kila meli itiapo nanga. Kenya imeyafungia mlango magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania huyapokea, lakini huyatoza ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu wao. Mtu asiyeweza kubeba bei ya gari pamoja na ushuru wake hugeuka kutafuta gari la mkononi, ambalo limekwisha kulipiwa kila kitu na mwenyewe anataka kuachana nalo, na siku hizi hulitafutia kwenye matangazo ya intaneti, yenye picha nne au tano na maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua kwa moyo: namba D, AC safi, halidaiwi, bei maelewano.

Ipo hadaa nyepesi, ambayo sitakaa nayo sana kwa kuwa imekwisha kujulikana. Muuzaji husema amehamishiwa Mwanza kikazi, au gari limekwama bandarini, au wako wanunuzi wengine wawili walioko njiani, na kwa hiyo anayelitaka kwa dhati atangulize arubuni, ambayo vijana huiita kishika uchumba. Arubuni ikishatumwa, simu huzimwa. Dhidi ya hadaa hii tumepewa nasaha moja, nayo hurudiwa na polisi, na wenye tovuti za matangazo, na kila shemeji mwenye busara: usitoe hata senti kabla hujaliona gari kwa macho yako. Nasaha hiyo ni njema, na ina upungufu mmoja, nao ni kwamba ayari naye ameisikia.

Ameisikia, akatunga hadaa ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Tuseme mtu wa Tegeta anauza IST yake kwa shilingi milioni 12 na ametangaza kwa picha zake halisi na namba yake halisi. Ayari huzichukua picha hizo, akazitangaza upya kwa jina jingine na kwa namba nyingine, kwa milioni 10, bei ambayo ni nafuu bila ya kutisha, maana anajua vyema kwamba rahisi ya kupita kiasi huwafukuza watu wenye akili, na yeye hana haja na wapumbavu wasio na fedha. Anapopigiwa simu na mnunuzi wa Morogoro, yeye naye humpigia mwenye gari wa Tegeta, akamwambia: nimelipenda gari lako na bei yako sitaipunguza hata shilingi, atakuja kijana wangu kuliangalia, nina deni lake ninalotaka kulilipa kwa gari hili, hivyo nakuomba usimtajie bei. Halafu humgeukia wa Morogoro: gari ni langu, lakini liko kwa ndugu yangu Tegeta, naye hapendi niliuze kwa bei hii, nina mgonjwa hospitali na nimebanwa, ukaguzi fanya upendavyo, ila habari za bei zungumza na mimi.

Mnunuzi huja na fundi wake. Fundi hufungua boneti, huisikiliza injini, huinama kutazama chini, husoma namba ya chasisi na kuilinganisha na ya kwenye kadi, na yote yanaoana, kwa sababu yote ni kweli: gari ni la kweli, kadi ni ya kweli, mwenye gari ni mtu mwaminifu aliyekaa nyumbani kwake akimkaribisha mgeni maji ya kunywa. Watu wawili waaminifu wanasimama kando ya gari moja, kila mmoja akiwa na bei yake kichwani, na kati yao hapana uongo wowote ila ule walioahidi kuufunika kwa ukimya. Mnunuzi akiridhika humpigia simu ayari na kutuma fedha. Mwenye gari huletewa ujumbe wa kughushi kwamba malipo yamepokelewa benki na yatasoma baada ya saa kadhaa. Pale mnunuzi anapoomba funguo na mwenye gari akamwambia angoje fedha ziingie, ndipo kila mmoja anapomdhania mwenzake kuwa ndiye tapeli, na mara nyingi hupelekana kituoni wakikunjana mashati, ilhali mwenye khiyana yenyewe hajapata hata kuvuka daraja la mtaa ule.

Nauliza sasa: iko wapi tamaa ya mnunuzi huyu? Alifuata nasaha zote. Aliliona gari, alimleta fundi, aliisoma kadi. Alichokosa kukifanya ni kimoja, kutaja bei mbele ya mwenye gari, na hakukitaja kwa sababu aliombwa asikitaje, na ombi hilo halikumshtua kwa sababu amelisikia maisha yake yote.

Na hapa ndipo penye shina la jambo. Dalali wetu wa magari aghalabu halipwi ujira ulio bayana. Hupewa bei na mwenye mali, akaongeza yake juu yake, na hicho kilichoongezwa, ambacho mjini huitwa cha juu, hukaa salama kwa sharti moja tu, kwamba muuzaji na mnunuzi wasizungumze bei wao kwa wao. Kwa miaka mingi tumefundishwa adabu hiyo: bei zungumza na aliyekuleta. Anayeivunja huonekana hana ustaarabu, kwamba amemnyang'anya mwenzake riziki. Tumekubali, kwa huruma ya kumwachia dalali chake, kuwa katika kila biashara ya gari iwepo siri katikati, na kwamba watu wawili wanaobadilishana mali yenye thamani ya mishahara ya miaka wasijue mwenzao anapokea nini na anatoa nini. Ayari hakubuni kitu hapo. Amevaa kanzu tuliyoishona sisi, na imemkaa sawasawa.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyotumika, makala ambayo majarida yaliyotangulia kuletewa yaliikataa, mengine kwa kuiona kuwa ni ya mambo yasiyo na uzito, na ambayo mwaka 2001 ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel. Alionyesha kwamba muuzaji akizijua aibu za gari na mnunuzi asizijue, mnunuzi hutoa bei ya wasiwasi, na bei hiyo ya wasiwasi huwaondoa sokoni wenye magari mazuri, hata soko likabaki na vigae. Akerlof alichungulia aibu iliyofichwa ndani ya injini. Sisi tumezidi, tumeficha na bei. Wala haikuwa lazima kungoja wataalamu wa Marekani, kwa kuwa vitabu vya fikihi vinavyosomeshwa katika pwani hii tangu zama za babu zetu vimeeleza makatazo ya Mtume ya kuitokea misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla wenyewe hawajaijua bei ya sokoni, na vimempa mwenye bidhaa hiari ya kuivunja biashara atakapofika sokoni akaijua. Waliokataza jambo hilo walifahamu kwamba dhuluma ya biashara mara nyingi haimo katika uongo unaosemwa, imo katika bei inayozuiliwa isifike masikioni mwa mtu.

Desturi ya pili inayomstiri ayari ni ile ya kutobadilisha jina kwenye kadi. Magari yapo mengi ambayo yamepita mikononi mwa watu watatu au wanne na kadi ingali inamtaja yule wa kwanza aliyeyatoa bandarini, kwa sababu kila aliyefuata ameikimbia kodi ya uhamisho na usumbufu wake. Matokeo yake, mnunuzi anapokuta jina la kwenye kadi ni tofauti na jina la muuzaji, haoni ajabu. Huambiwa gari lilinunuliwa kwa Mzee fulani, akaitikia. Na akishazoea kutostaajabu hapo, hatastaajabu pale simu yake inapomwonyesha, kabla hajabonyeza namba ya siri, jina la mpokeaji ambalo si la mtu aliyemwona wala aliyezungumza naye. Ataambiwa ni laini ya mke wangu, na ataendelea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na katika fadhila zake nyingi hii ya kutuonyesha jina la mpokeaji ni mojawapo. Tumepewa taa, tukajizoeza kupita mbele yake tumefumba macho.

Iko na desturi ya tatu, ambayo watu wa heshima hawapendi itajwe magazetini: kuandika katika mkataba bei iliyo ndogo kuliko ile ya kweli ili kodi ipungue. Mtu wa namna hiyo akidhulumiwa, huenda mbele ya hakimu na hati inayomkana yeye mwenyewe.

Kwa upande wa sheria hatukupungukiwa. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani za ukoloni, na mwaka 2015 Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, na Kenya ikapata yake mwaka 2018. Laini za simu Tanzania zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na walioshindwa kufanya hivyo walianza kufungiwa Januari 2020, kwa matumaini kwamba kila namba itakuwa na uso wake. Lakini wapo watu waliobonyezeshwa kidole mara mbili tatu na wauza laini wasio waaminifu, na laini za ziada zikauzwa zikiwa na majina yao, hata polisi wanapoifuata namba ya ayari hufika kwa mkulima asiyejua lolote. Kila msomaji na apige *106# atazame ni namba ngapi zinazoishi kwa jina lake, wako watakaoshangaa.

Ninachokitaka mimi ni kidogo kuliko sheria mpya. Dalali na alipwe ujira unaojulikana na pande zote mbili, kwa kuwa dalali mwaminifu anaijua kazi yake, anawajua mafundi, anayajua magari yaliyopata ajali yakapakwa rangi, na ujuzi huo unastahili malipo ya mchana kweupe. Serikali na ipunguze gharama na mizunguko ya kubadilisha jina, hata mtu aone aibu kuendesha gari lenye jina la mwingine. Wenye tovuti, wanaochuma kwa kila tangazo linalotazamwa, na wazuie picha za gari moja kutangazwa kwa namba mbili tofauti, jambo ambalo mashine zao zinaliweza bila taabu. Na fedha zilipwe kwa mtu yule yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, wote wawili wakiwa mahali pamoja, si kwa mke, si kwa mdogo wake, si kwa karani wake.

Limebaki suala la yule bwana wa Tegeta, ambaye kila mtu humhesabu kuwa hana taksiri kwa sababu gari lake limesalia uani. Sisemi kwa sheria, nasema kwa insafu: alipoambiwa asimtajie mgeni bei, alikubali, na alikubali kwa kuwa ukimya huo ulikuwa unamletea milioni 12 bila kupunguziwa hata shilingi. Ukimya wake ndio uliokuwa chombo cha dhuluma, na bila ya huo ayari asingepata kitu. Ningekuwa kadhi kati yao, ningemwamuru, ikiwa mgeni angali analitaka gari, amwuzie kwa bei iliyopungua sana, ili hasara ile ibebwe na mabega mawili. Najua mawakili watanipinga, na bwana wa Tegeta atanipinga zaidi.